Mcheza Kwao Hutunzwa, Ila Alipwe kwa Wakati

Mazungumzo kuhusu kuwainua wajasiriamali wadogo yana desturi ya kuanzia na kuishia pale pale: mkopo na semina. Mjasiriamali hana mtaji, basi akopeshwe. Hana elimu ya biashara, basi afundishwe kutunza hesabu. Sina ugomvi na semina, kwa kuwa wahenga wenyewe walishatuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, naamini kwamba kwa muda mrefu tumekuwa tukijibu swali ambalo mwenye biashara hakuliuliza. Mkalishe fundi seremala mwenye wasaidizi wanne, umwulize kinachomnyima usingizi, na aghalabu atakutajia mambo mawili: nani atanunua kazi yake mwezi ujao, na yule aliyenunua mwezi juzi atalipa lini.

Tulifuatilie hilo la pili kwa karibu, maana ndipo unyonge wa biashara ndogo unapoonekana waziwazi. Seremala amepata kazi ya kutengeneza madawati ya taasisi fulani ya umma. Mbao amezinunua kwa fedha taslimu, kwa kuwa muuza mbao naye ana wanaomdai; vibarua wanataka chao kila mwisho wa juma; gundi, misumari, vanishi na gari la kubebea vyote vimelipiwa kabla dawati la kwanza halijakaliwa na mtu. Madawati yanapokelewa, yanahesabiwa, hati ya kupokea mali inatiwa saini, na ankara inapelekwa ofisini. Kuanzia hapo, karatasi ile inaanza maisha yake yenyewe. Inalala mezani ikimsubiri mkuu wa idara aliye safarini. Mkuu akirudi, inagundulika kwamba namba ya oda imekosewa tarakimu moja. Inarudishwa kwa seremala, anaisahihisha, anaileta tena, naye anaambiwa kwamba malipo ya mwezi huo yameshafungwa. Miezi mitatu inakatika hivyo, bila mtu yeyote kukataa kumlipa.

Katika miezi hiyo mitatu, taasisi imekalia madawati ambayo haijayalipia, yaani imekopeshwa na seremala. Seremala naye, ili asiwapoteze wasaidizi wake, amekwenda kukopa kwa riba. Mwenye nguvu amekopeshwa na mnyonge bila riba, bila dhamana na bila hata kupiga hodi, halafu taasisi hiyo hiyo inaweza kutenga fungu la kuendesha mafunzo ya wajasiriamali kuhusu nidhamu ya fedha.

Kuhusu mikopo midogo, nadhani wakati wa kuishangilia bila masharti umepita. Muhammad Yunus na benki ya mikopo midogo aliyoianzisha, Grameen ya Bangladesh, iliyopata hadhi ya benki mwaka 1983, walitunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2006, na walistahili sifa ya kuonyesha kwamba mwanamke maskini asiye na hati ya nyumba anaweza kukopa na kurejesha. Lakini miaka minne tu baadaye, katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, kampuni za mikopo midogo zilikuwa zimeshindana kukopesha kaya zile zile mpaka watu wakalipa deni kwa deni, na serikali ya jimbo ikalazimika kuingilia kati. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, zilizolinganisha watu waliofikiwa na mikopo hiyo na wale ambao hawakufikiwa. Zilionyesha kwamba mkopo uliwapa watu uhuru zaidi wa kupanga mambo yao, ila haukubadilisha sana kipato cha kaya ya kawaida. Mimi halinishangazi hilo. Ukimkopesha mtu wa kumi auze kile ambacho tisa wengine wanakiuza kwa wanunuzi wale wale wenye mifuko mitupu, umeongeza muuzaji na hujaongeza mnunuzi.

Mnunuzi mkubwa kuliko wote, katika sehemu nyingi, tunamfahamu: ni serikali ya eneo, hospitali, shule, chuo, jeshi la polisi, mamlaka ya maji. Taasisi hizi hazihami, na kila mwaka zinanunua samani, sare, usafi, chakula, ukarabati na uchapishaji. Mji wa Preston, kaskazini mwa Uingereza, ulijifunza hilo kwa kulazimika. Mwaka 2011 mpango wake mkubwa wa kujenga upya eneo la maduka katikati ya mji ulivunjika baada ya duka kubwa lililotegemewa kujitoa. Badala ya kumtafuta mwekezaji mkubwa wa kuwaokoa, viongozi wa halmashauri walikaa na taasisi kubwa za eneo hilo wakauliza fedha zao za manunuzi zinakwenda wapi. Jibu liliwatia aibu: mwaka wa fedha 2012/13, kati ya kila pauni 100 ambazo taasisi hizo zilitumia kununua bidhaa na huduma, pauni 5 tu ndizo zilizobaki kwa wafanyabiashara wa Preston. Kufikia 2016/17 zilikuwa zimepanda hadi 18, ingawa bajeti yenyewe ya manunuzi ilikuwa imepungua.

Kinachonivutia zaidi katika habari ya Preston ni jambo dogo la kiofisi ambalo mtu hawezi kulitolea hotuba. Halmashauri ya jimbo lao la Lancashire ilipotangaza zabuni ya kulisha shule, iliigawa katika mafungu: maziwa peke yake, mayai peke yake, jibini peke yake, na kadhalika. Mfugaji wa kuku asiyeweza hata siku moja kulisha shule zote kila kitu anaweza kabisa kuzipelekea mayai. Sheria haikubadilishwa na hakuna aliyependelewa. Kilichobadilika ni ukubwa wa mlango.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kukaa katika kamati ya kutathmini zabuni, na mlango wetu ulikuwa mwembamba mno. Kazi ilikuwa kushona sare. Masharti yalidai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, dhamana ya benki, na ushahidi wa kuwahi kufanya kazi ya ukubwa huo huo. Bahasha nyingi tuliziweka pembeni kabla hata ya kushika sampuli ya mshono. Mmoja wetu aliuliza, na kwa haki kabisa, tutajuaje kwamba mshonaji asiye na hesabu zilizokaguliwa ataweza kazi. Hakuna aliyemjibu kwamba karakana zilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, na kwamba tungeweza kwenda kuona cherehani zikifanya kazi. Aliyeshinda alikuwa na karatasi zote. Baadaye tulikuja kugundua kwamba hakuwa na cherehani hata moja: aliichukua kazi ile na kuwagawia baadhi ya mafundi tuliowaondoa, kwa bei ya chini sana kuliko tuliyomlipa yeye. Mafundi walishona, taasisi ikavaa, na faida ikaenda kwa mtu ambaye mchango wake ulikuwa kujaza fomu. Naomba radhi kwa kuchelewa miaka kadhaa kuliona kosa letu.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na wenzangu wanaodhani kwamba ukishanunua kwa mwenyeji umemaliza. Mwenyeji naye anaweza kuwa mnyonyaji. Yule mwenye karatasi alikuwa mwenyeji vilevile. Uchumi wa jamii unakuwa wa haki pale ambapo fedha iliyobaki ndani inagawanywa kwa namna ambayo aliyeshika sindano naye anaonja faida, na hilo linatupeleka kwenye suala la umiliki, ambalo wengi hulikwepa kwa kuwa linanukia siasa.

Mfano unaojulikana zaidi ni Mondragón, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Padri José María Arizmendiarrieta alianzisha chuo cha ufundi huko mwaka 1943. Mwaka 1956 wanafunzi wake watano wa zamani walianzisha kiwanda kilichomilikiwa na wafanyakazi wenyewe, na mwaka 1959 ikafuata benki ya kuhudumia vyama vya ushirika vilivyokuwa vikichipuka. Hapo mwanzo, mshahara wa juu kabisa haukuruhusiwa kuzidi mara 3 ya ule wa chini. Tofauti imeongezeka tangu hapo, lakini bado iko mbali sana na ile ya makampuni makubwa ya kawaida. Mambo hayakuwa mteremko. Mwaka 2013 kiwanda chao cha vifaa vya nyumbani, Fagor Electrodomésticos, kilifilisika, na wapo waliodai kwamba huo ndio mwisho wa ndoto. Ninachokiona mimi ni kwamba wanachama wengi wa kiwanda kile walihamishiwa kazi katika vyama ndugu, jambo ambalo mfanyakazi wa kampuni ya kawaida iliyofilisika hawezi hata kulifikiria.

Cleveland, nchini Marekani, walijaribu kuunganisha mambo haya mawili, mnunuzi wa uhakika na umiliki wa wafanyakazi. Vyama vya ushirika vya Evergreen vilivyoanza huko mwaka 2009 viliingia na dobi la kisasa, vikilenga nguo na mashuka ya taasisi kubwa za afya, na wafanyakazi wakachukuliwa kutoka mitaa maskini inayozizunguka. Shuka la hospitali lazima lifuliwe kila siku, uchumi uwe umepanda au umeshuka, na sijui msingi gani ulio imara kuliko huo wa kumjengea mtu asiye na mtaji.

Najua pingamizi mbili zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba mlango ukifunguliwa, watakaopita ni shemeji na watoto wa wakubwa. Hofu hiyo ni ya kweli, ila nakumbusha kwamba masharti yetu mazito hayakuwazuia watu wa aina hiyo, yaliwazuia mafundi. Mafungu madogo, yanayotangazwa hadharani pamoja na bei ya kila mshindi, ni magumu zaidi kuyala kuliko zabuni moja nene iliyofunikwa. Ya pili ni kwamba kila mji ukijifungia, wote tutaishia kununua vibaya na kwa bei ghali. Hii naikubali kwa kiasi chake. Mashine ya kupimia damu itatoka itakakotoka, na halmashauri inayolazimisha itengenezwe nyumbani inawaumiza wagonjwa wake. Kufuta sakafu, kushona, kupaka rangi na kukarabati paa ni habari nyingine.

Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2011, uliweka siku 30 kuwa muda wa kawaida wa taasisi za umma kulipa, na riba ya adhabu isiyopungua asilimia 8 juu ya kiwango cha benki kuu kwa anayechelewa. Hata huko, ucheleweshaji haujakoma, kwa sababu ambayo seremala wetu angeieleza vizuri kuliko mwanasheria: ukimshitaki mteja wako, kesho humpati tena. Kwa hiyo kumwachia mdai jukumu la kudai riba ni kumtwisha mzigo asioweza kuubeba. Riba hiyo ijihesabu yenyewe, na ikatwe kwenye fungu la idara iliyochelewesha. Na kila taasisi inayotangaza kwamba inawajali wajasiriamali wa eneo lake ibandike ukutani, mahali ambapo muuza mbao na mshonaji wanaweza kusoma, orodha yenye safu mbili za tarehe: siku ankara ilipopokelewa, na siku ilipolipwa.