Bakteria Wakipata Akidi: Kuwaua, Kuwaziba Masikio au Kuwaambia Wametosha?

Kipindupindu kilipozuka tena Tanzania mwaka 1977, antibiotiki ya tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi: kwa wagonjwa ili wapone, na kwa wazima ili wasiugue. Mwanzoni kila kimelea kilichopimwa maabara kilikufa kwa dawa hiyo. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu. Dk. Fred Mhalu na wenzake waliyaandika hayo katika jarida la The Lancet mwaka 1979. Miaka 15 baadaye, Julai 1994, ugonjwa huo uliwaangukia wakimbizi wa Rwanda waliokusanyika Goma, kando ya Ziwa Kivu. Kwa mwezi mmoja walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kuhara, na kimelea cha huko nacho kilikuwa hakisikii tetrasaiklini wala jamaa yake, doksisaiklini.

Ninaanzia hapo kwa sababu kuna wazo linalotangazwa kuwa litatutoa katika shimo hili. Linasema: acheni kuwaua bakteria, ingilieni mazungumzo yao. Wakishindwa kuelewana hawatajenga utando wala kutoa sumu, na kwa kuwa hakuna anayeuawa, hakuna usugu utakaozaliwa. Ni wazo zuri, na nimelifuatilia kwa hamu kwa muda mrefu. Lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba ile ahadi ya mwisho, ya kutokuwepo usugu, inategemea sana ni bakteria gani unayemzungumzia. Na kwa kipindupindu, ambacho ndicho kinachotuua sisi, hesabu inageuka.

Kwanza utando wenyewe. Aliyewahi kuingiza mkono ndani ya mtungi au dumu lililokaa na maji wiki mbili anaujua: ule utelezi ukutani. Nyumbani tulikuwa tukiusugua kwa mchanga na makumbi ya nazi, na bibi hakukubali maji yamiminwe kabla hajapitisha kidole chake mwenyewe ndani. Alichokuwa akikigusa ni mji wa bakteria. Mmoja hugusa ukuta, hunata, hugawanyika, kisha wote hutoa ute wa sukari, protini na nyuzi za DNA unaowafunika. Ndani ya ute huo huvumilia dawa kwa kiwango kinachoweza kufikia mara 1,000 ya kile kinachowaua wakiogelea peke yao. Klorini nayo huishia juujuu. Kuna sura ya bakteria wa kipindupindu inayoitwa ya mikunjo, yenye ute mwingi kuliko kawaida, ambayo imeonekana maabara ikibaki hai baada ya dakika 30 katika maji yenye miligramu 2 za klorini kwa lita.

Sasa, mji haujengwi na mtu mmoja. Bakteria wanajuaje kwamba wametosha? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1970, pale Kenneth Nealson, Terry Platt na J. Woodland Hastings walipoeleza tabia ya bakteria wa baharini wanaotoa mwanga: wakiwa wachache hubaki gizani, wakifika wingi fulani huwaka wote pamoja. Kila mmoja hutoa molekuli ndogo inayovuja nje. Bakteria wakiwa wachache, molekuli hizo hupotelea majini; wakiwa wengi, hujaa, na ujazo huo huwasha jeni za mwanga. Mwaka 1994 jambo hilo lilipewa jina lililokopwa kwenye vikao, na Kiswahili tunalo neno lake hasa: akidi. Bakteria huhisi akidi. Isipotimia, hakuna azimio linalopitishwa.

Hoja ya wanaotaka kuziba masikio ya bakteria imejengwa zaidi juu ya kimelea kimoja, Pseudomonas aeruginosa, anayeshambulia vidonda vya moto, mirija ya kupumulia wodini na mapafu ya wenye saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu kamasi nzito. Huyu akitimiza akidi ndipo anapokuwa mkali: humwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama ya mwili, sumu ya rangi ya bluu-kijani na sabuni inayopasua seli za kinga. Mwaka 1998 David Davies na wenzake walionyesha kwamba aliyenyimwa uwezo wa kutengeneza ishara alijenga utando mwembamba, bapa, uliosambaratika kwa sabuni ya kawaida ya maabara. Tangu hapo watafutaji dawa wamekuwa na lengo la wazi. Mwani mwekundu wa Australia, Delisea pulchra, hujilinda dhidi ya bakteria kwa molekuli zinazovuruga ishara hizo, na jamaa wa molekuli hizo zilizotengenezwa maabara zilisaidia panya wenye maambukizi ya mapafu. Zilikuwa na sumu mno kwa binadamu, lakini zilithibitisha kwamba mlango upo.

Kwa nini waseme usugu hautatokea? Hapa panahitaji utulivu, maana ndipo penye uzito wote. Fikiria msaragambo. Vimeng'enya ambavyo Pseudomonas humwaga nje ni kazi ya jumuiya: mmoja anachimba, wote wananufaika, hata aliyekaa kivulini. Ukiwatia dawa ya kuziba masikio, wote wanaacha kuchimba. Akitokea mmoja sugu, anayeendelea kusikia, atachimba peke yake, atachoka peke yake, na chakula kitaliwa na wote. Hana faida ya pekee, kwa hiyo uzao wake hauenei. Hiyo ndiyo hoja, na kwa mantiki ni safi. Antibiotiki ni kinyume chake kabisa: sugu mmoja hubaki hai huku majirani wakifa, akarithi shamba zima.

Mantiki safi, hata hivyo, imepata misukosuko ilipotoka nje ya karatasi. Mwaka 2012 Toshinari Maeda na wenzake walionyesha Pseudomonas wakipata usugu dhidi ya moja ya molekuli hizo za kuvuruga ishara, kwa njia ya zamani kabisa: pampu za kuitupa nje ya seli. Na kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ambao kila mshabiki wa wazo hili anapaswa kuusoma. Wagonjwa waliokuwa kwenye mirija ya kupumulia walipewa azithromaisini, antibiotiki ambayo kwa dozi isiyowaua Pseudomonas hupunguza mazungumzo yao, au walipewa dawa isiyo na kitu. Kwa wale wasiopata dawa yenyewe, viziwi, yaani bakteria wasioitikia ishara na hivyo wasiochimba, waliongezeka siku hadi siku, wakila jasho la wengine, na bakteria wakali wakapungua wenyewe. Kwa waliopewa azithromaisini, uziwi haukuwa tena na faida, kwa hiyo wakali wenye kusikia walibaki. Dawa iliyowanyamazisha iliwahifadhi pia. Ukiiondoa, wapo, masikio yao mazima.

Hata hivyo, kwa Pseudomonas ningesema upande wa kuziba masikio bado una hoja, hasa kwa vitu visivyo na uhai. Mpira wa mkojo uliopakwa kitu kinachozuia utando usishike kwa siku chache za mwanzo hauhitaji kushinda mageuzi ya viumbe kwa miaka. Unahitaji kushinda mpaka mgonjwa aruhusiwe. Hapo ningeweka fedha za utafiti bila kusita.

Kipindupindu ni habari nyingine. Bakteria wake, Vibrio cholerae, hufanya kikao chake kinyume. Wakiwa wachache, wanapoingia tumboni, ndipo wanapojenga utando, wanaponata kwenye ukuta wa utumbo na kutoa sumu. Wakitimiza akidi, protini iitwayo HapR hupanda na kuzima yote hayo: ute unasimamishwa, vinyweleo vya kunatia vinasimamishwa, kimeng'enya cha kukata vifungo kinamwagwa, na msafara unatoka na kinyesi kurudi majini. Ukiangalia maisha yao unaelewa. Pseudomonas hukaa ndani ya mtu miaka, kwa hiyo wingi ni ishara ya kujenga. Kipindupindu hukaa siku chache, kwa hiyo wingi ni ishara ya kuhama. Basi dawa ya kuziba masikio, ambayo kwa yule ni ahueni, kwa huyu ingekuwa kumwambia "bado mko wachache, endeleeni". Ninashangaa makala ngapi husifu dawa za kuvuruga ishara bila kutaja hilo.

Njia yenye maana kwa kipindupindu ni kumdanganya kwamba akidi imeshatimia. Mwaka 2007 maabara ya Bonnie Bassler, Chuo Kikuu cha Princeton, ilitambua umbo la ishara yake kuu, CAI-1, mnyororo wa kaboni 13, na ikaonyesha kwamba kuiongeza kunazima vitu vinavyoleta ugonjwa. Miaka mitatu baadaye Faping Duan na John March wa Chuo Kikuu cha Cornell walichukua bakteria rafiki wa utumbo, E. coli Nissle 1917, wakampandikiza jeni ya kutengeneza CAI-1, wakawalisha watoto wa panya kabla ya kuwaambukiza kipindupindu. Walionusurika waliongezeka sana. Kisha mwaka 2014, kutokana na wagonjwa waliokuwa wakipona Dhaka, Bangladesh, ilionekana kwamba mkazi wa kawaida wa utumbo wa binadamu, Ruminococcus obeum, huwabana bakteria wa kipindupindu akiwekwa pamoja nao tumboni mwa panya, na molekuli ya ishara anayoitoa ni sehemu ya sababu. Kwa maneno mengine, huenda udanganyifu huu tayari unafanyika ndani ya matumbo yetu.

Hilo linanivutia kuliko jambo lolote katika uwanja huu. Na ndiyo sababu najilazimisha kulitazama upande wa pili.

Turudi kwenye msaragambo. Ute wa utando wa kipindupindu hauliwi na wote kama vimeng'enya vya Pseudomonas. Carey Nadell na Bassler walionyesha mwaka 2011 kwamba anayetoa ute huufunga karibu naye na uzao wake, akawasukuma nje wasiotoa. Ni kama mtu anayejenga ukuta kuzunguka kiwanja chake mwenyewe. Sasa mimina CAI-1 tumboni. Wenye kusikia wote wanaacha kujenga na kuachia. Kiziwi mmoja anaendelea kunata, anaendelea kujenga, na faida ni yake. Ile hoja ya "hakuna usugu" imetuangukia kichwani: hapa sugu ana faida ya pekee.

Na viziwi hao hatuhitaji kuwasubiri. Aina ya N16961, ambayo jenomu yake ndiyo ya kwanza ya kipindupindu kusomwa yote, mwaka 2000, ina jeni ya HapR iliyovunjika. Wengine wenye kasoro za namna hiyo wamepatikana kwa wagonjwa na katika maji. Tahadhari inahitajika hapa, maana imewahi kugundulika kwamba maabara tofauti zilikuwa zikitumia bakteria wa jina moja, C6706, kumbe wa huku anasikia vizuri na wa kule masikio yake mabovu. Hatuwezi kudhani kila kiziwi wa maabara anawakilisha walioko ziwani. Lakini wapo.

Wanaotetea njia hii wana jibu, na ni jibu zito: kiziwi hulipa deni lake baadaye. Utafiti uleule wa 2011 ulionyesha kwamba watoa ute wengi hushinda pale walipo, ila hushindwa kuhama. Asiyejua kuachia hubaki amenata, na kipindupindu kisichotoka tumboni hakifiki kwenye kisima cha jirani. Inawezekana basi kwamba usugu utazaliwa ndani ya mgonjwa lakini usisafiri. Kwangu hiyo ndiyo hoja bora kabisa ya upande huo, bora kuliko kauli ya jumla kwamba bakteria "hawana sababu" ya kuwa sugu.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Majini, Vibrio cholerae hunata kwenye magamba ya viduduchembe vya maji na ya kaa. Maabara ya Gary Schoolnik, Stanford, ilionyesha mwaka 2005 kwamba akiwa juu ya gamba hilo, na akidi ikiwa imetimia, hufungua milango na kumeza DNA iliyo nje. Melanie Blokesch na wenzake, Uswisi, wakaongeza mwaka 2015 kwamba hapo hapo huwachoma majirani kwa mkuki wa protini, akawaua, akachukua jeni zao. Ishara inayozima ugonjwa tumboni ni ileile inayofungua milango hiyo majini. Usugu mwingi wa kipindupindu husafiri kwa njia nyingine, kwa plasmidi (vipete vidogo vya DNA) na vipande vya jeni vinavyohama kutoka seli hadi seli, na gamba halipo tumboni, kwa hiyo sisemi hatari hii ni kubwa. Nasema bakteria rafiki anayetengeneza CAI-1 atatoka na kinyesi, ataingia kwenye maji, na mtu ajue anafanya nini huko kabla hajagawiwa kijiji kizima.

Kumbuka pia kwamba mgonjwa wa kipindupindu haokolewi hasa na kuua bakteria. Anaokolewa na maji, chumvi na sukari. Akipata ORS mapema, na dripu akizidiwa, vifo hushuka chini ya asilimia 1. Antibiotiki hufupisha tu kuhara. Kwa hiyo dawa ya ishara ina nafasi moja yenye maana, ya kinga, na kinga kwa watu wenye afya ndiyo hasa iliyotuponza mwaka 1977.

Jaribio ambalo lingenishawishi ni hili: wachukuliwe bakteria wa kipindupindu wa karibuni kutoka Ziwa Tanganyika, Ziwa Viktoria na pwani, wapimwe kwanza kama wanasikia. Wachanganywe, kiziwi mmoja kwa kila elfu wanaosikia, wapewe CAI-1 ndani ya panya, kisha wapitishwe majini juu ya magamba na kurudishwa ndani ya panya wengine, mizunguko kadhaa. Mwishoni wahesabiwe viziwi. Wakiwa wamepungua, nitakuwa wa kwanza kuitetea dawa hii. Wakiwa wameongezeka, itakuwa tetrasaiklini kwa jina jingine. Wakati hesabu hiyo inasubiriwa, ndoo ya maji bado inahitaji brashi kabla ya klorini, maana klorini peke yake haiung'oi ule utelezi.