Acheni Saa Isimame

Majuzi nilipita Nkuhungu, hapa Dodoma, kumwona mama mkubwa. Kabla sijamaliza shikamoo nikasikia kitu kinanguruma juu ya kabati la vyombo. Nikadhani kanunua friji ndogo. Kumbe ni kisanduku cheusi chenye mlango wa kioo, na ndani yake saa ya marehemu baba mkubwa imevishwa kwenye kimto, inazungushwa, inatulia kidogo, inazungushwa tena. Waya umechomekwa ukutani, uniti za LUKU zinakwenda.

"Ndiyo dawa yake hiyo, mwanangu," akaniambia. "Muuzaji kasema isipotembea inakufa."

Isipotembea inakufa! Duka silitaji, ila kwa hela aliyotozwa angerudi na mbuzi kutoka mnadani Msalato na chenji ya bodaboda ingebaki. Hata hivyo hela siyo iliyoniuma zaidi. Umeme ukikatika usiku, mama wa umri ule anaamka, anawasha tochi ya simu, anaitoa saa ya mumewe na kukaa nayo kitandani akiitikisa, kwa sababu ameaminishwa kwamba ikisimama mikononi mwake ndiyo basi tena. Mjane kauziwa hofu, akapewa na risiti.

Kwa hiyo leo mnivumilie, nina hasira.

Saa ya otomatiki, kama hiyo ya baba mkubwa, haina betri. Ndani mna kipande cha chuma cha nusu duara kinachoyumba kila unapotembeza mkono. Ukipunga, ukisimamisha bodaboda, ukisonga ugali, chenyewe kinazunguka na kukaza springi, na springi inavyolegea taratibu ndivyo inavyosukuma magurudumu na mishale. Ukiivua, kile kipande kinatulia, springi inaendelea kulegea mpaka nguvu iishe. Seiko 5 ya baba mkubwa, kama nyingi za aina yake, ikiwa imejaa inakwenda kama saa 40. Ivue Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Jumapili watu wakiwa bado kanisani imeshasimama. Zipo za siku hizi zinazokaa zaidi. Tissot zenye mashine ya Powermatic 80 zinafika saa 80, hizo hata Jumatatu asubuhi unazikuta zinatembea. Lakini zote husimama, na waliozitengeneza walijua zitasimama.

Sasa niambieni, saa iliyosimama inaumwa wapi? Springi imelegea, magurudumu yametulia, hakuna chuma kinachosuguana na chuma. Mashine ya aina ile hupiga mapigo 21,600 kwa saa moja. Zidisha kwa siku nzima: mapigo 518,400. Kila pigo ni jino la gurudumu linagonga jiwe, na kila kiekseli kinazunguka tunduni mwake kikila tone la mafuta lililowekwa na fundi. Huo ndio uchakavu wenyewe, na mtu akivaa saa yake anaulipa kwa furaha maana anasomea wakati. Kisanduku kinakulipisha uchakavu uleule bila mtu wa kuitazama saa. Ni kama kuacha injini ya daladala ikinguruma uani usiku kucha eti isije ikasahau njia ya Sabasaba.

Nimeona saa za wazee zilizolala kwenye masanduku ya bati, chini ya vyeti vya ubatizo na stakabadhi za kodi ya kichwa, miaka hata mwenye sanduku hakumbuki. Unaitikisa mara chache, mshale wa sekunde unaondoka. Seiko 5 zilianza kutoka mwaka 1963. Kama kusimama kungekuwa kifo, zile za mwanzo zisingekuwepo hata moja, kwa sababu kisanduku cha kuzungushia nani alikuwa nacho hapa Dodoma? Mtu alivaa saa kanisani na kwenye sherehe, siku nyingine ikalala.

Najua kuna atakayenijibu kwamba mafundi wa zamani walisema saa isikae bila kutembea. Walisema, na walikuwa na sababu. Mafuta ya saa ya enzi hizo yalitokana na wanyama, mengine yalitolewa kwenye taya za pomboo, msinicheke, ni kweli. Yalikuwa yanaganda na kunata. Ya leo ni ya maabara. Hayagandi kwa sababu saa imekaa kabatini wiki tatu. Yanazeeka kwa miaka, saa itembee isitembee, na yakizeeka dawa yake ni fundi kuifungua, kuisafisha na kutia mengine. Hakuna kisanduku kinachofanya kazi hiyo.

Haya, niwape haki yao kidogo, japo kwa shingo upande. Kuna saa zenye kalenda nzima ndani, zinajua mwezi wa siku 30 na wa 31, zinajua hadi mwaka mrefu. Hizo zikisimama, kuzirudisha kwenye tarehe sahihi ni shughuli ya nusu siku. Mwenye nayo anunue kisanduku, anunue hata viwili. Akipatikana mtumishi wa serikali kule Mtumba anayevaa saa ya hivyo kwa mshahara tunaoufahamu, tutakuwa na maswali mengine ya kumuuliza.

Tuje kwenye kinachoziumiza kweli saa zikiwa zimevuliwa, ambacho muuzaji hakukigusa kwa sababu hakina bei. Nendeni sebuleni. Tazameni juu ya sabufa. Pale juu ya kitambaa cha kufuma, pembeni ya rimoti na funguo za pikipiki, ndipo saa ya baba inapolala kila siku akirudi kazini. Jamani, ndani ya sabufa kuna sumaku kubwa! Na moyo wa saa ni springi ndogo nyembamba mno, imejiviringa duara juu ya duara, inapumua ndani na nje. Ikishika sumaku, duara zake zinavutana, inapumua kwa mkato, na saa inaanza kukimbia. Mzee mmoja wa Makole saa yake ilikuwa inatangulia dakika nyingi kila siku, akaambiwa mashine imekwisha, atafute nyingine. Fundi wa pili akaisogeza kwenye dira, sindano ikageuka. Akaiweka juu ya kidude chake cha kutolea sumaku, akabonyeza, akaiinua taratibu, kazi imekwisha hata chai haijapoa. Wewe mwenyewe unaweza kupima kwa dira ya kwenye simu: isogeze saa, dira ikichanganyikiwa umeshapata jibu. Na mkishajua hivyo, msiilaze saa juu ya spika, wala ndani ya mkoba wenye kifungo cha sumaku, wala kugusana na kava la simu la kujifunga lenyewe. Droo ya nguo inatosha. Bure.

Halafu vumbi letu. Kuanzia Juni upepo ukishika kasi, mtu wa Ipagala anafuta meza asubuhi na jioni anaandika jina lake juu yake. Saa iliyovuliwa ifutwe jasho kwa kitambaa laini, kwa sababu jasho likikauka na vumbi linageuka msasa kwenye maungio ya mkanda wa chuma. Nobu ya pembeni ibonyezwe mpaka ndani, na kama ni ya kukaza, ikazwe. Mkanda wa ngozi upate hewa kwanza ndipo uingie kwenye kiboksi. Ndugu zetu wa Dar na Tanga wahangaike na vile vifuko vya silika jeli, wao unyevu unawahusu. Kwetu huku kiangazi hewa yenyewe inakausha hadi midomo. Na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani pale Nyerere Square siyo kabati. Mpira unaozuia maji unapikika.

Kuiamsha nako kuna watu wanaharibu. Seiko 5 nyingi za zamani, zile zenye mashine ya 7S26, hazijazwi kwa nobu, kwa hiyo kuizungusha ukitegemea ukaze springi ni kujichosha. Ishike bapa, iyumbishe taratibu huku na huku kwa nusu dakika hivi, mshale wa sekunde ukishika mwendo, ivae, mkono utamalizia. Usiikung'ute kama kipima joto.

Tarehe ndiyo yenye mtego. Kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, meno ya kubadilisha tarehe yanakuwa yameshikana. Ukilazimisha tarehe kwa nobu wakati huo unaweza kuvunja jino, na hapo ndipo utakapolia kweli. Shida ni kwamba saa iliyosimama haikwambii imesimama usiku au mchana. Basi vuta nobu mpaka mwisho, peleka mishale mbele mpaka tarehe igeuke yenyewe. Hapo umejua ni usiku wa manane. Endelea mpaka mshale mfupi ushuke chini kabisa, kwenye 6, yaani saa kumi na mbili asubuhi ya kwetu. Hapo rudisha nobu hatua moja, weka tarehe ya jana, kisha vuta tena na usogeze mishale mbele hadi ufike leo na saa uliyonayo. Haimalizi hata dakika mbili.

Na kama baada ya yote hayo bado inapoteza au inatangulia, mpelekee fundi saa mwenye kiboksi cha kioo cha kufanyia kazi mezani, siyo anayefungua kwa kisu cha matunda. Kaa hapohapo umwone. Mwenye kazi yake utamjua: kila kipande anachokitoa anakifunika kabla hajagusa kingine. Na huku kwetu, kati ya Juni na Oktoba, mwombe aifungue asubuhi mapema kabla upepo haujaamka.