Kaunta Buku la Mwalimu wa Kwaya

Shuleni kwetu, paredi haikuanza mpaka mwalimu wa kwaya atoe sauti. Kinanda hatukuwa nacho. Aliguna tu "mmm", akainua kidole, nasi tukaanza Mungu Ibariki Afrika. Wavulana wa darasa la saba wakiparamia juu, anatusimamisha, tunarudia, jua linatuchoma utosini.

Hakuna aliyetuambia kwamba sauti za wimbo ule zilitungwa na mwalimu kama yeye. Enoch Sontonga, Mxhosa, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alifundisha, akaongoza kwaya, na pembeni akapiga picha. Nyimbo alizowatungia wanafunzi wake aliziandika kwenye daftari kwa solfa, yaani noti za do-re-mi, na Nkosi Sikelel' iAfrika, wa mwaka 1897, ni mmojawapo. Yeye aliandika ubeti wa kwanza na kiitikio; beti nyingine aliziongeza mshairi S.E.K. Mqhayi mwaka 1927. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ikazichukua sauti zilezile, zikavishwa Kiswahili.

Sontonga mwenyewe hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1905, kijana wa miaka thelathini na kitu. Waongoza kwaya walikuwa wakiazima lile daftari, na mwishowe halikuonekana tena. Hata kaburi lake lilisumbua kupatikana, kwa sababu kwenye kumbukumbu za makaburi ya Braamfontein aliandikwa kwa jina la Enoch, si la ukoo. Mnara wake ulizinduliwa na Mandela mwaka 1996.

Kwa hiyo mtu akiniambia mwalimu wa muziki ni msanii aliyeshindwa kutoka, namwona hajui anachokisema. Wa kwetu alipangiwa vipindi vya Hisabati. Muziki wake ulikuwa saa kumi jioni chini ya mwembe, bila posho, na uongozi ulimkumbuka siku mgeni rasmi anakuja. Hapo ndipo anaitwa mbiombio: mwalimu, tutungie kitu, mkuu wa wilaya anafika Ijumaa! Na Ijumaa wimbo upo, sauti nne, jina la mgeni limekaa vizuri kwenye mapigo. Naamini ile haraka ndiyo iliyomnoa. Mtunzi anayesubiri mzuka angeshindwa wiki ya kwanza. Isitoshe, ilimbidi aandike sauti ya tatu ambayo mtoto asiye na sikio ataishika kwa siku mbili, na huo ni ufundi ambao studio haikufundishi.

Alikuwa na kaunta buku lenye jalada jekundu, solfa kwa penseli ili akikosea afute. Alipofariki nilimuuliza mwanawe liko wapi.

"Liliazimwa na watu wa kwaya," akasema.

"Kwaya gani?"

Akanitajia tatu.