Jerikani ya lita tano

Sikukuu ya Mashujaa, Juni 9, ilitukuta kijijini, upande wetu wa Busia, Uganda. Mpwa wangu Nekesa, mwenye miaka saba, akapita uani na jerikani ya lita tano kichwani, kata ya majani makavu ya mgomba chini yake, anajiimbia. Shemeji yangu wa Kampala, ambaye kazi yake ni mambo ya haki za watoto, alimfuata kwa macho mpaka akaingia jikoni. Juni 12 ni siku ya dunia ya kupinga ajira ya watoto, na shemeji alikuwa na hotuba ya kuandaa.

"Sasa shemeji, hii nayo tuiite nini?" akamuuliza dada yangu, mama yake Nekesa.

Dada alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Iite chai, shemeji. Hayo maji ndiyo chai yako."

Tulicheka, lakini swali lilibaki palepale uani.

Shemeji ana hoja, na ana tarakimu za kuzisimamisha. Utafiti wa nguvu kazi wa mwaka 2021 wa UBOS, shirika la takwimu la Uganda, ulihesabu watoto wapatao milioni 6.2, wa miaka 5 hadi 17, walio kwenye ajira ya watoto. Ni karibu 40 katika kila 100. Na sisi wa Busia tukijifanya hatujui anachosema, tunajidanganya. Mashimo ya dhahabu ya Tiira hayako mbali. Wapo watoto wanaoponda mawe na kuosha mchanga kwenye karai, na wengine hushika zebaki kwa mikono mitupu. Shule zilipofungwa, kabisa au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 10, 2022, kipindi kirefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, wengi waliokwenda "kusaidia kidogo" hawakurudi darasani. Kusaidia hakuna ua unaokuzuia. Leo ni kuamia ndege, kesho ni kulima kibarua shamba la jirani, keshokutwa ni shimoni.

Hayo yote nayakubali. Ninachogombana nacho ni kapu linalowabeba watoto hao wote pamoja.

Kipimo cha kimataifa, kile cha Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNICEF, kinasema hivi: mtoto wa miaka 5 hadi 11 akifanya kazi ya uzalishaji kwa saa moja tu katika wiki, hata kama ni shamba la mama yake na hakuna anayemlipa, anahesabiwa. Saa moja. Kwa wa miaka 12 hadi 14 kiwango ni saa 14. Kazi za nyumbani, yaani kupika, kufagia, kulea wadogo, UNICEF huziwekea mpaka mwingine kabisa: saa 21 kwa wiki.

Nimezunguka na hivyo viwango viwili, kile cha saa moja na kile cha saa 21, kwa siku kadhaa, na kila nikivipeleka shambani kwa dada havikai sawa. Juni wimbi limeanza kukomaa. Ndege huja alfajiri na jioni, makundi kwa makundi, na ukilala siku mbili umevunia ndege. Nekesa husimama ukingoni mwa shamba na kopo bovu na kijiti, anapiga, anapiga kelele, anafurahi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Nusu saa asubuhi kabla ya shule, nusu saa jioni. Jumanne haijafika amekwisha kuitimiza saa yake moja. Ripoti ya ILO na UNICEF ya mwaka 2025 ilisema duniani walikuwapo watoto milioni 138 kwenye ajira ya watoto mwaka 2024, na 61 katika kila 100 kati yao wako kwenye kilimo. Kwa kipimo hicho Nekesa na kopo lake wanaingia humo, bega kwa bega na mwenye zebaki mkononi. (Jioni ile shemeji alimpiga picha akiamia, akaituma kwa mkewe: "Tazama kijiji kilivyo kizuri!" Sikutaka kumwaibisha.)

Sasa tuseme dada anatii. Anaamua mtoto haendi shambani. Atabaki wapi? Baba yao anafanya kazi Jinja, bibi amezeeka, na shule ya chekechea ya kulipia iko mjini. Atabaki nyumbani na Wandera, mdogo wake wa miezi tisa. Atambeba mgongoni, atamtoa kwenye mafiga yenye moto, atamwangalia asitambae kuelekea shimo la choo. Saa tatu kila siku, siku sita, jumla saa 18. Hiyo iko chini ya 21. Kwa hesabu, Nekesa ametolewa kwenye orodha na tumempigia makofi. Kwa mtu aliyewahi kulea, ametolewa ubavuni mwa mama yake akaachwa na moto na mtoto mchanga.

Hapo ndipo watu wa mjini wanapotusoma vibaya. Mtoto mdogo hapelekwi shambani ili afanye kazi. Anapelekwa kwa sababu mama yuko huko. Shamba ndilo chekechea. Wandera analala kwenye kanga chini ya mwembe, Nekesa anapewa kijembe kilichokatwa mpini, anapalilia mstari mmoja wa karanga na kung'oa nusu ya karanga zenyewe, anaachwa acheze na udongo, anaitwa anywe uji. Tija yake ni hasara tupu. Dada angemaliza mapema bila yeye. Lakini kutwa nzima wanazungumza. Mtoto anajifunza majina ya majani, ipi mboga na ipi sumu, na anajua kwa nini aliitwa Nekesa: alizaliwa wakati wa mavuno, kama wenzake kina Nafula walivyokuja na mvua. Kalenda ya shamba wanaibeba kwenye majina yao.

Ajabu ni kwamba sheria yetu inaliona jambo hili vizuri kuliko kipimo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 12, na kwa aliye chini ya 14 inaruhusu kazi nyepesi tu, isiyoharibu masomo, chini ya uangalizi wa mtu mzima. Imeandikwa kwa ajili ya waajiri, wala si kwa ajili ya akina mama, lakini maneno yale ya mwisho, uangalizi wa mtu mzima, ndiyo ningependa kuyaona kwenye dodoso. Nani alikuwa kando ya mtoto? Tiira jibu lingekuwa moja, na kwa dada jingine.

Wazee wangu hupenda kuufunga mjadala kwa "samaki mkunje angali mbichi". Mimi siwafuati huko, maana methali haisemi umkunje saa ngapi. Jerikani pia hukua. Ya lita tano ni kilo tano; baada ya mwaka mmoja au miwili atapewa ya kumi, halafu siku mama anaumwa atapewa ya ishirini, ambayo kwa mtoto kama Nekesa inakaribia uzito wake mwenyewe. Hapo shemeji atakuwa amenishinda na sitabishana.

Na alinishinda kwa jambo jingine, usiku ule, tukiwa tunakula. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza chumvi, kaka yake Nekesa alikuwa wapi wakati wa maji. Barasa ana miaka tisa. Alikuwa juu ya mwembe. Alikuwa juu ya mwembe asubuhi, alikuwa juu ya mwembe jioni, na mimi mjomba wake niliyeshinda kutwa nikitetea malezi ya nyumbani sikuwa nimeliona hilo. Dada alinyamaza, akaniangalia mimi badala ya kumwangalia shemeji.

Kesho yake alfajiri, kabla hatujaondoka, nilimsikia dada akiita jina la Barasa mara tatu. Alimpa jerikani ya lita kumi. Barasa alinuna mpaka kwenye pampu, Nekesa akimtangulia na ile yake ya tano, akimwonyesha jinsi ya kusokota kata.