Joka limeungua, msilirudishe na moto mdomoni

Jumamosi ya tarehe 22 Aprili 2023, usiku, joka la Maleficent, sanamu ya mashine ya yule mchawi mwovu wa Disney akiwa amegeuka joka, liliwaka moto katikati ya onyesho la Fantasmic! kwenye bustani ya burudani ya Disneyland, mjini Anaheim, California. Lilikuwa na urefu wa futi 45, karibu mita 14, na kazi yake kubwa ilikuwa kutema moto kuelekea mwisho wa onyesho. Usiku huo moto haukuishia mdomoni. Ulishika kichwa, ukashuka shingoni, na muda si muda mwili mzima ulikuwa unawaka mbele ya umati. Watazamaji waliondolewa salama. Wafanyakazi sita walitibiwa kwa sababu ya moshi.

Onyesho lilifungwa kwa miezi 13. Liliporudi tarehe 24 Mei 2024, joka halikuwemo. Sasa Mickey anapambana na Maleficent mwenyewe, akiwa katika umbo lake la mchawi. Mashabiki wengi walinung'unika, na wapo wanaonung'unika hadi leo wakidai sanamu nyingine ijengwe, ileile, na moto wake. Nawaelewa, ila siwaungi mkono. Joka linaweza kurudi. Moto usirudi ndani yake. Jukwaa lina sehemu nyingi za kuweka moto, na mdomo wa mashine inayotikisika ndio sehemu mbaya kuliko zote.

Tazama kilichomo ndani ya sanamu ya namna hii, yoyote ile, popote duniani. Kuna mifupa ya chuma na alumini. Juu yake kuna ngozi, ambayo mara nyingi ni povu la poliurithani, mpira wa silikoni au faiba, na rangi tabaka kwa tabaka. Ndani kuna mipira ya mafuta ya haidroliki, yaani mafuta yanayosukuma viungo, yenye shinikizo la zaidi ya baa 100, karibu mara mia ya shinikizo la hewa ya kawaida, kebo za umeme zenye ganda la plastiki ya PVC, na hewa ya kutosha ya kulisha moto, maana sanamu ni wazi ndani. Kisha mtu anakuja na kupitisha mpira wa gesi katikati ya vyote hivyo mpaka kichwani. Moto ukishaingia ndani ya ngozi, shingo inageuka dohani: joto linapanda, hewa inavutwa kutoka chini, na kizima moto cha mkononi hakifiki kwenye kiini.

Mafuta ya haidroliki yanastahili neno la ziada, kwa sababu wengi huyaamini kupita kiasi. Mafuta ya kawaida yakiwa yametulia kwenye beseni ni magumu kuwaka mpaka yapashwe moto zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi. Lakini tundu dogo kama la sindano kwenye mpira wenye shinikizo hutoa ukungu wa matone madogo sana, na ukungu huo hushika moto kwa urahisi, mafuta yenyewe yawe ya moto au ya baridi. Vipo vimiminika vya haidroliki vilivyochanganywa maji na glaikoli ambavyo huwaka kwa shida sana. Ni ghali, vinahitaji sili (vizibo vya kuzuia uvujaji) za aina yake na vinasumbua pampu, ndiyo maana vinakwepwa. Kwenye sanamu yenye moto, kuvikwepa ni kubana matumizi mahali pasipofaa.

Halafu kuna kupinda. Chukua shingo inayopinda mara 20 katika onyesho moja, maonyesho mawili kwa usiku, usiku 300 kwa mwaka. Hapo una mikunjo 12,000, yote ikirudia sehemu zilezile za mpira. Mpira hauchakai kwa kufuata kalenda, unachakaa kwa kufuata mikunjo, na nyufa huanzia ndani ambako jicho la fundi halioni. Anayebadilisha mipira "kila baada ya miaka miwili" bila kuhesabu mikunjo anabahatisha.

Hesabu nyingine inayosahaulika ni ya gesi inayobaki kwenye mpira baada ya valvu kufungwa. Mpira wenye upana wa ndani wa milimita 12 na urefu wa mita 10 unabeba zaidi kidogo ya lita moja. Ikiwa ndani kuna propani katika hali ya kimiminika, lita moja hutanuka kuwa takriban lita 270 za gesi. Propani huanza kuwaka ikifikia asilimia 2 hivi ya hewa, kwa hiyo lita hiyo moja inatosha kuchafua zaidi ya mita 12 za ujazo. Mwendeshaji anaweza kubonyeza kitufe cha dharura papo hapo, valvu ya chini ikafunga bila kosa, na kichwa kikaendelea kula moto kwa mabaki yaliyo juu ya valvu. Dawa yake ni valvu mbili: moja kwenye msingi, nyingine jirani kabisa na nozeli, ncha inayotoa moto, zote za aina inayojifunga yenyewe umeme ukikatika. Lakini ile ya juu ndiyo inayopata joto na mtikisiko wote, kwa hiyo ndiyo itakayoharibika kwanza. Ukitatua tatizo moja, unazaa jingine, na hapo ndipo msimamo wangu ulipoanzia.

Sasa turudi kwenye usiku wenyewe, baada ya moto kuzimwa. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu kila mtu anatamani jambo liishe.

Gesi ifungwe kwenye tangi kwa mkono, kisha kufuli na lebo viwekwe, hata kama kompyuta inaonyesha kwamba valvu zimefungwa. Pampu ya haidroliki ikizimwa, kazi haijakwisha: mitungi ya akiba ya shinikizo bado imebeba nguvu, na mkono wa tani kadhaa uliobaki hewani unashikiliwa na mpira uliokwishapikwa. Hakuna mtu kupita chini yake mpaka mitungi imetolewa shinikizo na kiungo kimewekewa nguzo. Povu huwaka upya kutoka ndani saa kadhaa baada ya kuonekana limezimika, kwa hiyo mlinzi wa moto akae hapo na kamera ya joto hadi asubuhi, akiwa na mpira wenye maji tayari.

Wafanyakazi waliovuta moshi wasiambiwe wakapumzike nyumbani. Moshi wa poliurithani huwa na monoksidi ya kaboni pamoja na sianidi ya hidrojeni, na wa PVC huwa na asidi. Kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinadanganya hapa, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba monoksidi. Kinaweza kuandika 98 kwa mtu aliye hatarini. Kinachotakiwa ni kipimo cha damu hospitalini. Na nguo za onyesho, hasa yale mavazi mazito ya wahusika, zisirudi kabatini na masizi yake.

Jambo la tatu la usiku huo ni ushahidi. Kompyuta ya onyesho huandika kila amri na saa yake: valvu gani ilifunguliwa, sensa ya moto ilisoma nini, nani alibonyeza nini. Kumbukumbu hizo zinakiliwe mapema, kwa sababu mifumo mingi hufuta za zamani ikiwashwa upya. Valvu zipigwe picha katika hali zilivyokutwa kabla hazijaguswa. Ncha za mipira zizibwe na kuwekewa lebo, mabaki ya ngozi yakusanywe kwa kufuata sehemu yalikodondokea. Bustani hupenda kusafisha kabla ya alfajiri ili mgeni wa saa mbili asubuhi asione mzoga. Hiyo ni tamaa ya kawaida ya biashara, ila anayefagia usiku huo anafagia na sababu ya moto. Funika kwa turubai, weka uzio, wageni wapige picha za turubai wakitaka.

Siku zinazofuata, adui ni masizi. Yakichanganyika na unyevu, yale ya PVC huwa asidi, na eneo lenye mto au ziwa la onyesho halikosi unyevu. Ndani ya saa chache tu kutu huanza kwenye vifaa ambavyo moto haukuvigusa kabisa: projekta zilizo mbali, spika, makabati ya taa, mota za lifti ya jukwaa. Mashine za kukausha hewa zishushe unyevu chini ya asilimia 40 ndani ya vyumba vya mitambo kabla hata ya kuanza kufuta. Asiwepo wa kuwasha kifaa "kuona kama bado kinafanya kazi", maana masizi hupitisha umeme.

Chuma chenyewe kina adabu kuliko watu wanavyodhani. Kikifika nyuzi 550 hadi 600 hubakiwa na nusu hivi ya nguvu zake, lakini kikipoa bila kupinda, chuma cha kawaida hurudisha sehemu kubwa. Boliti za nguvu ya juu haziko hivyo. Zilipata nguvu zake kwa kupikwa kiwandani, na moto umezipika upya. Zitupwe zote. Zinki ya juu ya chuma ikiwa imeyeyuka, ujue hapo palipita nyuzi 420, na hicho ni kipimo cha bure. Anayetisha ni alumini: ile iliyoimarishwa kwa joto huanza kupoteza nguvu kwa kudumu kuanzia nyuzi 200 hivi, na haibadiliki rangi kukuonya. Pima ugumu wake sehemu kwa sehemu, au usiitumie tena.

Uamuzi mzuri kuliko wote baada ya moto wa Anaheim ulifanyika mbali na Anaheim: Disney ilisimamisha kwa muda athari za moto za aina hiyo kwenye bustani zake nyingine. Wapo walioona ni woga. Mimi naona ndiyo sehemu ya kitaalamu zaidi ya habari nzima. Na haikuwa mara ya kwanza joka la Maleficent kuwaka. Tarehe 11 Mei 2018, joka la gwaride kwenye Magic Kingdom, Florida, lilishika moto kichwani likiwa njiani, wafanyakazi wakauzima kwa vizima moto. Ni mashine mbili tofauti, moja inatembea na nyingine imesimama, lakini mahali ni palepale: kichwa. Anayekagua baada ya tukio asitafute tu sanamu inayofanana kwa sura. Atafute valvu ya aina ileile, mpira wa toleo lilelile, ngozi iliyopakwa kemikali ileile ya kuzuia moto, maana kemikali hiyo hupungua kwa jua, mvua na kupakwa rangi juu yake. Kata kipande kutoka kwenye ngozi yenyewe, ukichome kando. Cheti cha siku ya kununuliwa hakikuambii ngozi ikoje leo.

Basi moto uende wapi? Chini. Vichomeo vilivyofungwa kwenye zege au juu ya maji, mbali na ngozi ya sanamu, bomba lake gumu lisilopinda, na upepo ukipimwa pale pale. Mdomoni weka ukungu wa maji wa shinikizo kubwa na uupige taa nyekundu na ya chungwa kutoka pande tatu, mojawapo ikitokea ndani ya koo. Usitegemee taa moja ya mbele. Itaonekana mvuke wa jikoni. Ukungu ukitoka, vichomeo vya chini viwake kwa wakati uleule, na jicho litaunganisha lenyewe. Kinachopotea ni kimoja cha kweli: lile joto linalompiga mtazamaji usoni likitoka juu. Vichomeo vya chini vinatoa joto, lakini halitoki kwa joka, na mwenye kumbukumbu za joka la zamani atagundua. Upepo nao hupeperusha ukungu upesi kuliko moto. Hasara hizo nazikubali.

Atakayeng'ang'ania moto mdomoni afuate angalau kiwango cha NFPA 160, cha chama cha Marekani cha kinga ya moto, kinachohusu moto mbele ya hadhira Marekani, na asikifanye ndiyo mwisho wa kazi. Kichwa kiwe cha chuma na vitambaa visivyowaka, bila povu, mpaka chini ya shingo. Mabaki ya gesi yasukumwe nje kwa naitrojeni kila baada ya onyesho. Kitufe cha moto kiwe cha kushikilia, kidole kikiachia gesi inakatika. Walinzi wawili wa moto wakae pande mbili za sanamu, wenye mamlaka ya kusimamisha bila kuomba ruhusa.

Na programu ya onyesho iwe na toleo la pili lisilo na moto, lililofanyiwa mazoezi, lenye muziki na taa zake, linaloingia kwa kitufe kimoja katikati ya tukio bila hadhira kutambua. Bila toleo hilo, mwendeshaji anayeona sensa ikisitasita usiku wa Jumamosi ana njia mbili tu: kulivunja onyesho zima mbele ya umati, au kubonyeza na kutumaini.