Mteja mkubwa agharamie njia yake ya umeme

Mradi wa kusindika gesi pale Likong'o, Lindi, umesemwa miaka mingi, na siku ukianza hautakuja peke yake. Vitafuata viwanda, hoteli na maghala ya baridi. Vije, tunavihitaji. Ila Bunge litunge sheria mapema: nani atalipia nguzo, nyaya na transfoma zitakazojengwa kwa ajili yao, na umeme ukipungua nani azimiwe kwanza.

Marekani wameanza. Mwaka 2025 jimbo la Oregon lilitunga sheria ya kuviweka vituo vya data, yaani majengo yaliyojaa kompyuta za kuhifadhi na kuchakata taarifa, vinavyotumia zaidi ya megawati 20 kwenye kundi lao la bei, vibebe gharama vinazozisababisha badala ya kuzimwaga kwenye bili za majumbani. Texas nayo, mwaka huohuo, ikawabana wateja wapya wa megawati 75 na kuendelea: wachangie gharama za kuunganishwa, na gridi ikizidiwa wawe tayari kupunguziwa umeme.

Sisi tuna Sheria ya Umeme ya 2008, na bei hupangwa na EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji. Katika bei za 2016, mtumiaji mdogo alipangiwa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo, 350 kila moja. Kiwanda kinachochukua umeme wa msongo mkubwa, 152. Najua huo ni nafuu kuufikisha na haupotei sana njiani, kwa hiyo tofauti siikatai. Ninayoikataa ni ile 350. Mama wa Mikindani anayeuza samaki na barafu, friza lake linanguruma usiku na mchana, na uniti 75 hazimfikishi mwisho wa mwezi. Anahesabiwa kama mfujaji, kumbe anatafuta ada ya mtoto. Umeme ukikatika usiku kucha, changu wanalegea, mteja anawabonyeza na kuondoka. Hasara ni yake peke yake.

Wapo wanaosema Bwawa la Nyerere la Mto Rufiji lenye megawati 2,115 limemaliza shida. Umeme wa Rufiji haujengi transfoma Tandahimba. Na sisi wa Kusini tunajua ahadi za majukwaani: gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, bomba la kwenda Dar likakamilika 2015, na machungu ya 2013, ya vurugu za Mtwara za kulipinga bomba hilo, hayajatutoka.

Kwa hiyo wabunge wetu wa Mtwara na Lindi wadai vifungu viwili tu kabla mikataba haijasainiwa. Mwekezaji mkubwa alipe miundombinu inayojengwa kwa ajili yake. Na mgawo ukija, waanze kuzimiwa wenye jenereta.