Askari watawa wa Vita vya Msalaba na sisi wasomaji wa Kiswahili

Kanuni ya Watempla, shirika la watawa waliokuwa pia askari katika Vita vya Msalaba, vile vita vya Wakristo wa Ulaya na Waislamu vya kugombea Yerusalemu, ilimkataza ndugu kuwinda. Asiwinde kwa mwewe, asiwinde kwa upinde, wala asipige mbio na farasi porini akifukuza mnyama kwa ajili ya kujifurahisha. Mnyama mmoja tu aliachwa nje ya katazo hilo, naye ni simba, kwa sababu huzunguka akitafuta cha kumeza. Ukijua Waraka wa Kwanza wa Petro unasikia mara moja mwangwi wa Ibilisi angurumaye kama simba. Hapo sheria ya kambi na maneno ya Biblia yamekaa kwenye sentensi moja, na kwangu ndipo penye utamu wa historia ya askari watawa wa Vita vya Msalaba.

Naipenda historia hii, tena naipenda sana, na ninachokitaka leo ni kuitetea dhidi ya baadhi ya wapenzi wake. Wengi huingia kwa mlango wa hazina iliyofichwa, kikombe kitakatifu kilichopotea, chama cha siri ambacho eti kinaendesha dunia mpaka leo. Ukiwafuata utazunguka miaka mingi na hutakutana na Mtempla hata mmoja wa kweli. Wale wa kweli wameacha kanuni, hesabu, barua, hati za mashamba na kumbukumbu za kesi. Majirani na maadui wao Waislamu nao wameandika habari zao, wengine wakiwa wamewaona kwa macho. Rai yangu ni kwamba vyanzo hivyo viwili, kanuni yao na maandishi ya Waarabu, vinamtosha mtu kwa maisha yake yote.

Tuanze na kanuni. Yerusalemu ilitekwa na Wanamsalaba tarehe 15 Julai 1099, na miaka kama 20 baadaye Hugues de Payens na wenzake wachache waliweka nadhiri ya kuwalinda mahujaji njiani. Mfalme Baldwin II akawapa makazi katika Msikiti wa al-Aqsa, jengo ambalo Wafaranja, yaani hao Wakristo waliotoka Ulaya Magharibi, waliliita Hekalu la Sulemani, na ndipo jina lao lilipotoka. Mwaka 1129, kwenye mtaguso (mkutano mkuu wa Kanisa) wa Troyes nchini Ufaransa, walipewa kanuni iliyoandikwa, abate Bernard wa Clairvaux akiwa miongoni mwa waliosimamia. Lilikuwa jambo geni kabisa kwa Kanisa: mtawa mwenye nadhiri za utii, ufukara na useja, ambaye kazi yake ni kupigana.

Sasa angalia walivyoyatatua matatizo ya jambo hilo geni. Mtawa hufunga na kujinyima, lakini askari akijinyima mno ataanguka kutoka kwenye farasi. Basi kanuni ikaamuru ndugu wale wawili wawili kwenye bakuli moja, ili kila mmoja amtazame mwenzake na asiwepo anayejitesa kwa njaa kwa siri. Nyama ilikuwa mara tatu kwa juma. Nywele fupi, viatu visivyo na ncha ndefu za kujionyesha. Walale wamevaa shati na suruali, taa ikiwaka usiku kucha. Na kwa kuwa wengi wao hawakujua Kilatini, mahali pa zaburi waliruhusiwa kusali Baba Yetu kwa idadi maalumu kila saa ya sala. Aliyeyaandika haya alikuwa anawafahamu watu wake.

Vifungu vya vita vilivyoongezwa baadaye ndivyo vinavyonivutia kuliko vyote. Tumezoea kumfikiria shujaa mpanda farasi kama mtu wa kuonyesha ubabe, kila mmoja akitafuta sifa yake. Kwa Watempla ilikuwa kinyume. Hakuna kupiga farasi mbio bila ruhusa. Hakuna kutoka kwenye safu, isipokuwa kujaribu kidogo farasi na tandiko, au kumwokoa Mkristo aliye karibu kuuawa, kisha urudi mahali pako. Bendera yao nyeusi na nyeupe ililindwa na kundi la ndugu wasiozidi kumi, na bendera ya pili ilibebwa ikiwa imekunjwa kwenye mkuki, ili ya kwanza ikianguka ya pili ifunguliwe. Anayeibeba bendera haruhusiwi kuutumia mkuki wake kumpigia adui. Maadamu bendera imesimama, ndugu anayekimbia uwanja anafukuzwa shirikani milele. Ikianguka, aende kwenye bendera ya Ndugu wa Hospitali, shirika lingine la askari watawa. Nayo isipokuwepo, bendera yoyote ya Wakristo. Zikishaanguka zote ndipo aende anakoona panafaa.

Kipo pia kisa cha fedha ambacho sichoki kukisimulia. Mwaka 1250 Mfalme Louis IX wa Ufaransa alitekwa Misri pamoja na jeshi lake. Fidia ilipokuwa ikihesabiwa, zikapungua livre 30,000, fedha ya Ufaransa ya zama zile. Jean de Joinville, aliyekuwepo na kuandika mwenyewe habari hizi, akashauri wakope kwa Watempla, kwani jahazi lao lilikuwa na masanduku ya fedha. Kamanda wao akakataa. Fedha hizi ni amana za watu, akasema, na tumeapa kutomkabidhi yeyote isipokuwa mwenyewe. Mfalme yuko taabani, Misri nzima imewazunguka, na huyu mtu anashika kiapo cha amana! Mkuu wao wa kijeshi, Renaud de Vichiers, ndiye aliyetafuta njia: kamanda amesema kweli, hatuwezi kuzitoa, ila mkizichukua kwa nguvu tutajilipa kutoka mali ya mfalme iliyoko Akka, mji wa bandari uliokuwa mikononi mwa Wakristo. Joinville akapanda jahazini, akanyimwa funguo, akainua shoka lililokuwa pale na kusema hilo ndilo litakuwa ufunguo wa mfalme. Hapo Renaud akamshika mkono na kuamuru apewe funguo, maana sasa nguvu imeonekana wazi. Kiapo hakikuvunjwa, na mdogo wake mfalme, aliyekuwa ameshikwa kama rehani ya fidia, akaachiliwa. Ukikielewa kisa hicho unaelewa kwa nini watu wa Ulaya waliwaamini Watempla na dhahabu yao kwa karibu miaka mia mbili.

Hata hivyo moyo wangu uko zaidi kwa wale wengine, Ndugu wa Hospitali ya Mtakatifu Yohane, ambao husahauliwa kwa kuwa hawakufa kwa kishindo. Walianza na wagonjwa, wakachukua silaha baadaye. Amri zao za mwaka 1182, chini ya mkuu wao Roger de Moulins, zinaagiza hospitali ya Yerusalemu iwe na matabibu wanne wanaojua kupima mkojo na kutofautisha maradhi. Vitanda viwe virefu na vipana, kila kimoja na shuka na blanketi lake. Kila mgonjwa apewe joho la manyoya ya kondoo na viatu vya kuvaa anapokwenda msalani. Watoto wanaozaliwa na mahujaji walazwe peke yao kwenye vitanda vyao vidogo. Asiyeweza kula nyama ya nguruwe wala ya kondoo apikiwe kuku. Wagonjwa waliitwa mabwana, na ndugu, wakiwemo watoto wa makabaila, waliwahudumia kwa cheo hicho. Hao hao ndio waliopewa ngome ya Krak des Chevaliers huko Syria mwaka 1142 na kuifanya mojawapo ya ngome imara kuliko zote za zama zile, mpaka Sultani Baybars wa Misri alipoitwaa mwaka 1271.

Upande wa pili, ule wa Waislamu, uko na Usama ibn Munqidh. Alizaliwa Shayzar, Syria, mwaka 1095, mwaka ule ule Papa Urban II alipotoa mwito wa vita huko Clermont, akaishi hadi 1188, akiwa mpiganaji, mshairi, mwindaji wa simba (naam, simba wa Syria) na balozi. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba akienda Yerusalemu, Watempla, ambao anawaita marafiki zake, walikuwa wakimwachia kijumba cha ibada kando ya al-Aqsa ili asali. Siku moja amekwisha kufunga sala, Mfaranja mmoja akamrukia na kumgeuza uso kuelekea mashariki, akisema hivi ndivyo unavyosali. Watempla wakaja mbio wakamtoa. Aliporudia tena, wakamtoa nje kabisa na kumwomba radhi Usama: huyu mtu ni mgeni, amefika juzi kutoka nchi za Wafaranja, hajawahi kuona mtu akisali pasipo kuelekea mashariki.

Kisa hiki kina uzito kwa kuwa Usama hakuwa na sababu ya kuwapamba. Mahali pengine akiwataja Wafaranja anawaombea laana ya Mungu, na utabibu wao anausimulia kwa mshangao mtupu. Lakini anakiri tofauti kati ya mgeni mkali aliyeshuka merikebuni jana na yule aliyezeeka miongoni mwa Waislamu.

Usomaji wa namna hii hauruhusu kumpamba yeyote. Mauaji ya Yerusalemu ya 1099 yalikuwa ya kutisha, Waislamu na Wayahudi wakichinjwa mitaani na katika nyumba za ibada, na walioyasimulia kwa majivuno ni Wanamsalaba wenyewe. Sultani Salahuddin naye, tunayemkumbuka kwa huruma yake, baada ya ushindi wa Hittin tarehe 4 Julai 1187 aliwanunua mateka wa Kitempla na wa Hospitali kutoka kwa askari wake, dinari 50 kila mmoja, ili wauawe. Katibu wake Imad al-Din al-Isfahani alikuwepo na ameandika jinsi wanazuoni na masufi walivyopewa panga kuifanya kazi hiyo. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 2, Salahuddin huyo huyo aliipokea Yerusalemu pasipo kuchinja watu, kwa fidia ya dinari 10 mwanamume na 5 mwanamke, ingawa maelfu waliokosa fedha walikwenda utumwani. Nimewahi kuwasikia watu wakiichukua nusu moja ya habari hizi na kuiacha nyingine, kwa kadiri ya dini zao. Inanikera kweli kweli. Na kinachoniuma zaidi ni chuki ya leo kuvaa joho lao: mtu aliyeua watu 77 huko Norway mwaka 2011 alijitangaza kuwa Mtempla. Hangedumu juma moja chini ya kanuni ile, maana jambo la kwanza lililodaiwa humo ni kuacha utashi wako mwenyewe.

Mwisho wa Watempla wengi wanaujua. Akka ilianguka Mei 1291, mkuu wao Guillaume de Beaujeu akafia humo, na Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1307 Mfalme Philip IV wa Ufaransa akawakamata. Paris walihojiwa ndugu 138, na 134 kati yao walikiri angalau shtaka moja. Mateso waliyofanyiwa na wapelelezi yanaeleza sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Papa Clement V akalifuta shirika mwaka 1312, na Jacques de Molay akachomwa moto Machi 1314, akiwa ameyakana aliyokiri.

Kinachojulikana kidogo ni yaliyotokea Ureno, na hapa sisi wa pwani tuna haki ya kukaa mbele. Mfalme Dinis hakutaka mali ya Watempla iende mbali, akapata idhini ya Papa mwaka 1319 kuanzisha Shirika la Kristo, lililorithi ngome zao pamoja na watu, ikiwemo Tomar waliyoijenga Watempla kuanzia 1160. Mwanamfalme Henrique, yule wa safari za baharini, alilisimamia shirika hilo tangu 1420, na mapato yake yalisaidia kugharimia merikebu. Mwaka 1456 Papa Callixtus III akalipa mamlaka ya kiroho juu ya nchi zote zitakazofikiwa hadi Wahindi. Kwa hiyo matanga yaliyoonekana Mombasa na Malindi Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama, yalikuwa na msalaba mwekundu wa warithi wa Watempla. Miaka saba baadaye Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa, na ngome aliyoijenga Kilwa akaipa jina la Santiago, mtakatifu ambaye Wareno na Wahispania walimwita wanapopigana na Waislamu. Mtu akiniuliza historia hii inatuhusu nini, namwambia akasimame kwenye nguzo ya msalaba ya Vasco da Gama pale Malindi.

Ndugu wa Hospitali bado wapo. Kutoka Yerusalemu walihamia Akka, Kupro, Rhodes, kisha Malta waliyoikalia kutoka 1530 hadi Napoleon alipowaondoa mwaka 1798. Leo makao yao ni Roma, na shirika lao la misaada limefanya kazi za afya hadi mashariki ya Kongo. Msalaba wao mweupe wenye ncha nane unaonekana pia kwa wahudumu wa St John Ambulance nchini Kenya, ambao alama yao imetoka kwenye chimbuko hilo.

Ninachokitamani sasa ni tafsiri. Washairi wa Pate walitunga tenzi ndefu za vita vya Waislamu na Warumi tangu karne ya 18, kwa hiyo sikio la habari hizi tunalo siku nyingi. Lamu, Mombasa na Unguja hawakosekani watu wanaokisoma Kiarabu cha kale bila shida, na kumbukumbu za Usama si kitabu kikubwa. Zikitafsiriwa moja kwa moja kutoka Kiarabu chake, pasipo kupitia lugha ya Ulaya, kijana wa sekondari atawasikia Watempla kutoka kwa jirani yao aliyewajua kwa majina. Kisha mtu wa seminari mwenye Kilatini na Kifaransa cha kale atuletee kanuni. Mimi niko tayari kuzipiga chapa, kuzisahihisha na kuzisambaza bila malipo.